Kipimo na Kanuni: Namna ya Kuchagua Masomo ya Uzamili katika Sayansi ya Mazingira na Sera

Kila mwaka wanafunzi wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza, pamoja na walimu wa sekondari waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, hunijia ofisini wakiwa na swali moja. Wangependa kuendelea na masomo ya uzamili yanayohusu mazingira, lakini hawataki kuishia maabara tu. Wanataka elimu itakayowawezesha kushiriki katika kutunga na kutekeleza sera za nchi. Wamesikia kwamba viko vyuo vinavyofundisha mambo hayo mawili kwa pamoja. Je, wachague kipi?

Swali hilo si dogo. Kwa wengi wetu nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huja mara moja tu maishani. Mwajiri hutoa ruhusa mara moja, mfadhili hulipa mara moja, na jamaa waliobaki nyumbani huvumilia mara moja. Anayekosea njia hapotezi fedha peke yake, bali hupoteza pia miaka ambayo hairudi, na taifa hupoteza mtaalamu liliyemtarajia.

Katika makala hii nitajaribu kueleza taaluma hii ni nini, ilitokana na haja gani, na ni mambo gani yafaa yachunguzwe kabla ya mtu kutia sahihi fomu ya maombi. Nawaandikia walimu na wanafunzi wa sekondari kwa makusudi. Ingawa uchaguzi wenyewe hufanywa baada ya shahada ya kwanza, msingi wake huwekwa mapema zaidi, pale mwanafunzi anapoamua masomo gani ayashike na yapi ayaache.

Swali la mzee mvuvi

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, ambacho kwa kweli ni kisa cha kosa. Nilipokuwa nikitafuta nafasi ya kusoma ng'ambo nilichagua masomo kwa kutazama jina la shahada. Jina hilo lilikuwa na neno "mazingira" na neno "sera", nami nikaona yatosha. Nilipofika huko niligundua kwamba sera ilikuwa somo moja la majuma 10, lililofundishwa na mhadhiri wa kualikwa. Mengine yote yalikuwa biolojia ya samaki. Niliisoma biolojia hiyo kwa bidii, nikaendelea nayo hadi uzamivu, wala siijutii. Lakini nilirudi nyumbani nikidhani nina elimu mbili, kumbe nina moja.

Muda si mrefu baada ya kurejea nilialikwa kuzungumza na wavuvi katika mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria. Niliwaeleza kwa michoro na hesabu hasara ya kuvua sangara wachanga. Walisikiliza kwa makini. Nilipomaliza, mzee mmoja alisimama akasema: "Mwanangu, hesabu yako tumeielewa. Hata sisi twajua kwamba samaki akiachwa hukua. Lakini huyu nitakayemwacha mimi leo, nani atamzuia jirani yangu asimvue kesho? Tena nyavu hizi nimezipata kwa mkopo. Aliyenikopesha naye atangoja samaki akue?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, hilo si fani yangu." Yalikuwa maneno ya kweli, lakini hayakumsaidia mtu yeyote. Wavuvi wale hawakuwa na haja ya kuambiwa zaidi kuhusu samaki. Walitaka mtu atakayeunganisha habari za samaki na habari za watu.

Nusu ya kwanza: kipimo

Tuitazame kwanza ile hesabu yenyewe, kwa kuwa inaonyesha vizuri sayansi ya mazingira hufanya kazi gani. Samaki anapokua bila kubadili sana umbo lake, uzito wake huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu. Tuchukue, kwa ajili ya mfano, sangara mwenye urefu wa sentimita 50 na uzito wa kilo 1.5. Akifika sentimita 60, urefu umeongezeka mara 1.2, na uzito umeongezeka mara 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani mara 1.73, atakuwa na kilo 2.6 hivi. Akifika sentimita 100, urefu umeongezeka mara 2 na uzito mara 8. Atakuwa na kilo 12.

Bila shaka si samaki wote watakaoishi hadi wakati huo. Wengine wataliwa, wengine watakufa kwa maradhi. Tuseme kwamba katika samaki 100 walioachwa, 60 wamekufa kabla ya kufika sentimita 100. Wale 40 waliobaki watakuwa na jumla ya kilo 480, ambapo wote 100 wangevuliwa wakiwa wadogo wangetoa kilo 150 tu. Isitoshe, sangara jike hukomaa akiwa na urefu mkubwa kuliko dume, na jike mkubwa hutaga mayai mengi zaidi. Kwa hiyo anayevua wadogo anakula mtaji pamoja na faida.

Idadi ya samaki wanaokufa niliyotumia hapo juu ni ya kukisia. Mwanasayansi hawezi kukisia. Hapana budi apime. Atahitaji kupima maelfu ya samaki katika majira mbalimbali, kukadiria umri wao, kujua wanakula nini, na kupima oksijeni ya maji katika kina mbalimbali, kwa sababu mbolea na takataka zinazotiririka kutoka mashambani na mijini hustawisha mwani, na mwani unapokufa na kuoza hutumia oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya taaluma tunayoizungumzia.

Nusu ya pili: kanuni

Swali la mzee linaanza pale hesabu inapoishia. Samaki aliye ziwani si mali ya mtu hadi avuliwe. Mvuvi anayemwacha samaki mdogo hubeba hasara yote peke yake leo, na faida ya kesho hugawanywa kwa kila mwenye mtumbwi. Katika hali hiyo hata mtu mwema mwenye kuijua sayansi yote ataona ni afadhali avue. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alieleza tatizo hili katika makala iliyopata umaarufu mkubwa, akadai kwamba mali inayotumiwa na wote bila udhibiti haina budi kuharibika.

Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, alikwenda kutazama watu wanavyofanya hasa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alieleza jamii nyingi ambazo zimetunza mali ya pamoja kwa muda mrefu kwa kanuni walizojitungia wenyewe. Mfano mmojawapo ni wavuvi wa Alanya, pwani ya Uturuki. Hao waliorodhesha mahali pote panapofaa kutega nyavu, wakawa wanapiga kura kila mwanzo wa msimu kuamua nani aanzie wapi. Kisha kila siku kila mvuvi husogea mahali panapofuata, ili kila mmoja apate zamu yake penye samaki wengi. Anayekiuka hugunduliwa upesi, kwa sababu yule ambaye zamu ni yake atamkuta pale pale. Kwa kazi hiyo Ostrom alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009.

Ziwa Viktoria si ghuba ndogo ya Alanya. Lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na limegawanywa baina ya nchi tatu: Tanzania yenye sehemu kubwa kuliko zote, Uganda inayofuata, na Kenya yenye takriban asilimia 6. Sangara mwenyewe aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na ya 1960. Alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, samaki wengi wa asili, hasa jamii za furu, walipungua au kutoweka kabisa, na papo hapo viwanda vya minofu vikazuka na kuleta fedha za kigeni. Mwaka 1994 nchi hizo tatu zilitia sahihi mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake makuu yako Jinja. Zilikubaliana kwamba sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na ukawekwa pia mpaka wa juu wa sentimita 85 ili kuwalinda wazazi wakubwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya usimamizi wa uvuvi vilianza kuundwa mialoni, ili wavuvi wenyewe washiriki katika kuzilinda kanuni hizo.

Tuangalie jinsi mambo yalivyoshikamana. Namba 50 na 85 zilitokana na biolojia. Lakini kuzifanya zitiiwe ni kazi ya sheria, uchumi na siasa: ukubwa wa matundu ya nyavu, mikopo ya wafanyabiashara, bei ya mabondo ya sangara wakubwa, uwezo wa doria, na makubaliano ya serikali tatu. Mpaka wa juu umezusha mabishano makubwa, kwa kuwa nyavu haziulizi umri wa samaki, na mvuvi aliyemkuta sangara mkubwa amekwisha kufa wavuni haoni maana ya kumtupa. Sayansi ya namba 85 yaweza kuwa sahihi, na kanuni yake ikawa ngumu kutekelezeka. Mtu aliyefunzwa nusu moja tu ataona ukaidi wa wavuvi au ujinga wa wataalamu. Aliyefunzwa zote mbili ataona kwamba kuna kazi ya kufanya.

Haja ya taaluma hii duniani

Haja ya kuwapata watu wa namna hiyo haikuzuka kwetu peke yetu. Mwaka 1972 mataifa yalikutana Stockholm kuzungumzia mazingira, na katika mwaka huo huo likaundwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yakawekwa Nairobi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia dawa, zingeweza kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi ya jua ya urujuanimno. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni ilikuwa imepungua sana juu ya Antaktika kila majira ya kuchipua.

Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizo. Itifaki hiyo iliwapa wenye nchi maskini muda wa ziada wa miaka 10, na mwaka 1990 ukakubaliwa mfuko wa kuwasaidia kubadili viwanda vyao. Hatimaye kila taifa mwanachama wa Umoja wa Mataifa liliiridhia. Kemia peke yake isingeweza kuandika kifungu kile cha miaka 10. Na mwanasheria peke yake asingejua gesi ipi ianze kuondolewa. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1995.

Nchi zetu nazo zilitunga sheria zao. Tanzania ilianzisha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kwa sheria ya mwaka 1983, kisha ikatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya ilitunga yake mwaka 1999. Sheria hizo ziliagiza kwamba miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Basi wakahitajika watu wa kuandika tathmini hizo, watu wa kuzisoma na kuzihakiki, na watu wa kuwaeleza wananchi maana yake.

Aina za masomo

Masomo ya uzamili yanayounganisha sayansi ya mazingira na sera yaweza kugawanywa katika mafungu manne.

La kwanza ni shahada ya sayansi iliyoongezewa sera. Mwanafunzi hufanya utafiti wa kisayansi, na pamoja nao husoma sheria, uchumi wa maliasili au upangaji. Masomo mengi ya vyuo vyetu yanayohusu maliasili yako karibu na fungu hili, na viko pia vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya kazi hiyo, kama vile Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

La pili ni shahada ya utawala, sheria au sera iliyoongezewa sayansi. Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, kwa mfano, kina shahada ya uzamili ya utawala wa umma katika sayansi ya mazingira na sera, inayochukua miezi 12. Muhula wa kwanza hutiliwa mkazo masomo ya sayansi, na miyula inayofuata huegemea utawala na uchambuzi wa sera. Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kituo cha masomo ya juu ya sheria na sera ya mazingira.

La tatu ni shahada mbili zinazosomwa sambamba, moja ya sayansi na moja ya utawala, kwa muda mfupi kuliko kama zingesomwa moja baada ya nyingine. Chuo Kikuu cha Indiana, alikofundisha Ostrom, ni mojawapo ya vyuo vilivyojulikana kwa mpango wa namna hiyo.

La nne ni utafiti mtupu, ambamo mwanafunzi huandika tasnifu chini ya wasimamizi wawili wa fani mbili. Njia hii hutegemea sana maelewano ya wasimamizi hao.

Hakuna fungu lililo bora kwa kila mtu. Anayetaka kusimamia maabara ya ubora wa maji atapotea katika fungu la pili, na anayetaka kuandika kanuni wizarani atachoshwa na la kwanza.

Mambo sita ya kuchunguza

(1) Swali lako. Kabla ya kusoma tangazo la chuo chochote, andika kwa sentensi moja swali unalotaka kulijibu. "Napenda mazingira" si swali. "Kwa nini kanuni ya ukubwa wa sangara haifuatwi, na ibadilishwe vipi?" ni swali. Swali likiwa wazi, nusu ya vyuo vilivyo mbele yako vitajiondoa vyenyewe.

(2) Orodha ya masomo. Usitazame jina la shahada. Omba orodha kamili na uhesabu. Ni masomo mangapi ya lazima ya sayansi? Mangapi ya sera? Je, kuna takwimu? Kama hakuna takwimu kwa upande wa sayansi, wala uchumi au sheria kwa upande wa sera, jihadhari. Huenda jina ni pambo tu, kama lilivyokuwa lile lililonivuta mimi.

(3) Mahali nusu mbili zinapokutana. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Masomo ya fani mbili yaweza kuwekwa katika ratiba moja na yasikutane kamwe, asubuhi kemia na alasiri sheria, kila mwalimu akienda zake. Uliza kama kuna kazi ambayo mwanafunzi yule yule hupima jambo kwa mikono yake, kisha akaandika pendekezo la sera kutokana na vipimo vyake, na likahakikiwa na walimu wa pande zote mbili. Uliza kama unaweza kutumiwa tasnifu mbili za wanafunzi waliotangulia. Ukizisoma ukaona sura ya mwisho yenye kichwa "Mapendekezo" ina kurasa mbili tu za maneno ya jumla, umekwisha kupata jibu.

(4) Muda na majira. Mwaka mmoja wa masomo huokoa fedha na humrudisha mtu kazini upesi. Lakini mambo mengi ya mazingira yetu hufuata masika, vuli na kiangazi, na vipimo visivyozunguka mwaka mzima huweza kudanganya. Mwanafunzi wa miezi 12 aghalabu hatapata nafasi ya kupima majira yote. Atatumia takwimu zilizokusanywa na wengine. Hilo si baya ikiwa swali lake ni la sera. Ikiwa swali lake lahitaji vipimo vipya, atafute masomo ya miaka 2, au yale yanayomruhusu kufanya utafiti nyumbani.

(5) Gharama yote. Ada ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli, bima, chakula, kodi ya nyumba, safari za utafiti, na mshahara unaoukosa. Uliza kwa maandishi udhamini unalipa nini na haulipi nini, hasa safari ya kurudi nyumbani kukusanya takwimu. Nimewaona vijana hodari waliobadili mada ya utafiti, wakaandika juu ya mto wa ugenini, kwa sababu tu nauli ya kuja kwao haikuwamo.

(6) Kutambuliwa kwa shahada. Kabla ya kuondoka hakikisha kwamba shahada utakayopata itatambuliwa. Nchini Tanzania kazi hiyo iko mikononi mwa Tume ya Vyuo Vikuu. Wasomaji wa nchi jirani waulize mamlaka zao. Muulize na mwajiri wako utarudi katika kazi gani. Mwalimu wa biolojia anayesoma sera asije akarudi akakuta hana nafasi wala darasani wala wizarani.

Hofu ya kushika mawili

Wapo wenzangu wanaopinga masomo haya. Husema kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba tutazalisha watu wanaojua kidogo katika kila jambo. Hofu hiyo ina msingi. Nimesoma ripoti za wataalamu wasioweza kueleza vipimo vyao vilifanywa vipi, na papo hapo hawajui ni sheria ipi wanayotaka irekebishwe.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuwa na fani moja ya kusimamia. Mtu awe kwanza mkemia, mwanabiolojia, mwanajiografia, mwanasheria au mchumi wa kutegemewa, ndipo ajifunze fani ya pili kwa kiasi cha kuweza kuwauliza wenye fani hiyo maswali ya maana, na kutambua wanapokosea. Hatarajiwi kuwa mabingwa wawili katika mwili mmoja. Kwa sababu hiyo simshauri kijana anayemaliza kidato cha sita atafute shahada ya kwanza yenye majina mengi. Shahada ya kwanza na iwe ya msingi imara. Muungano utafuata katika uzamili.

Kwa walimu na wanafunzi

Mwanafunzi wa sayansi asiidharau Jiografia wala Historia, na asiyaone maandishi marefu kuwa kazi ya wenzake wa sanaa. Kanuni huandikwa kwa lugha, na anayeshindwa kueleza kipimo chake kwa maneno yanayoeleweka hatasikilizwa. Mwanafunzi wa sanaa naye asiikimbie Hisabati. Asilimia, wastani, grafu na uwezekano ndivyo vitakavyomwezesha kumuuliza mtaalamu, "Umejuaje?"

Mwalimu aweza kuwaonjesha wanafunzi wake taaluma hii bila gharama kubwa. Wanafunzi wachague jambo moja lililo karibu na shule: magunia ya mkaa yanayopita barabarani, maji ya visima vya kijiji, takataka za soko, au samaki wanaouzwa mwaloni. Juma la kwanza wapime: urefu, uzito, idadi, na watengeneze grafu. Juma la pili wawahoji wahusika kwa adabu: anayeuza, anayenunua, mwenyekiti wa kijiji, afisa anayehusika, nani hufaidika, nani hupata hasara, na kanuni iliyopo inasemaje? Juma la tatu kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa pendekezo, akitaja nani afanye nini, kwa gharama ya nani, na tutajuaje kama limefanikiwa. Mwalimu akatae kabisa pendekezo lisemalo "wananchi waelimishwe" bila kueleza watafundishwa nini ambacho hawakijui. Wavuvi niliowahutubia mimi walikuwa wameelimika vya kutosha.

Mwanafunzi atakayeona raha katika majuma yote matatu amekwisha kujua kwamba taaluma hii yamfaa. Atakayependa juma la kwanza tu, na awe mwanasayansi. Nchi inamhitaji sana. Atakayependa la pili na la tatu, na asome sheria, uchumi au utawala.

Hitimisho

Tumeona kwamba sayansi ya mazingira na sera ni nusu mbili za kazi moja: moja hupima, nyingine huweka kanuni, na kila moja ikibaki peke yake hukwama. Anayechagua masomo ya uzamili na atazame kama nusu hizo zinakutana katika kazi ya mwanafunzi, wala asitosheke kuyaona majina yake katika kichwa cha shahada. Aanze na swali lake, ahesabu masomo, asome tasnifu za waliotangulia, apime muda na gharama, na ahakikishe kwamba atarudi penye kazi.

Ilinichukua miaka kadhaa ya kusoma upya, na kushirikiana na wachumi na wanasheria, kabla sijathubutu kurudi kwenye mialo. Siku hizi sianzi na hesabu ya kipeo cha tatu. Huanza kwa kuuliza nyavu ni za nani, na deni hulipwa lini. Hesabu hufuata baadaye, na wavuvi wenyewe ndio huiomba.